Maji Yaliyojificha Ndani ya Faiba

Mtu apitaye pwani ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, wakati maji yamekupwa, huona vyombo vya namna mbili vimelala mchangani ubavu kwa ubavu. Kuna ngalawa, madau na mashua za mbao, ambazo ufundi wake umepokezanwa tangu enzi za mababu. Na kuna boti za faiba, laini na nyepesi, zenye mashine nyuma. Hali ni hiyo hiyo Msasani, Ununio na Mbweni, na vivyo hivyo upande wa kusini, Kigamboni, ambako hadi mwaka 2015 palikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke. Boti za faiba zinazidi kuongezeka nchini. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikizikopesha kwa vikundi vya wavuvi bila riba, na mwezi Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi baadhi yake mjini Mwanza kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria.

Mkopo wa namna hiyo hulipwa kwa samaki. Boti iliyolala mchangani haileti samaki, lakini deni halilali. Kwa hiyo swali la namna ganda la faiba linavyoharibiwa na maji, na namna linavyoweza kutengenezwa likadumu, si la mafundi peke yao. Ni swali la kemia na fizikia, na sehemu kubwa ya majibu yake imo katika masomo ya shule ya sekondari.

Fundi wa mashua ya mbao hutia kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, katika maungio ya mbao. Chombo kinaposhushwa majini baada ya kukaa nchi kavu kwa muda mrefu, huvuja siku ya kwanza, na nahodha hana wasiwasi. Mbao hunywa maji, huvimba, na maungio hujibana. Kwa mashua ya mbao, maji ni sehemu ya ufundi wenyewe. Kwa boti ya faiba ni kinyume kabisa: ganda lake halivimbi likajiziba, na maji yakishapenya hubaki humo yakiendelea kuharibu. Fundi aliyelelewa katika kazi ya mbao, au katika gereji za magari, huja kwenye faiba na desturi za kazi yake ya kwanza. Makosa mengi ya kutengeneza boti huanzia hapo.

FAIBA NI KITU GANI

Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizofumwa kuwa kitambaa au zilizokatwa vipande na kutandazwa ovyo kuwa mkeka, kisha zikashikamanishwa kwa gundi ya kemikali iitwayo resini. Uhusiano wa vitu hivi viwili ni kama ule wa nondo na zege. Nyuzi huchukua mvutano. Resini huzishika nyuzi mahali pake na kuzigawia mzigo. Uzi peke yake hauna umbo, na resini peke yake huvunjika kama sahani.

Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1930. Kampuni ya Owens-Corning iliundwa mwaka 1938 kwa kazi hiyo. Boti iliyotengenezwa na Ray Greene katika jimbo la Ohio mwaka 1942 huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za faiba duniani. Resini inayotumika katika boti nyingi ni poliesta, kwa sababu ni rahisi kwa bei. Epoksi ni resini ya jamii nyingine. Iligunduliwa na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali, Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani, kati ya miaka ya 1930 na 1940. Hushika kwa nguvu zaidi na hupitisha maji kidogo zaidi, lakini ni ghali. Ndiyo maana si ajabu kukuta boti iliyojengwa kwa poliesta ikitengenezwa kwa epoksi. Mpango huo ni sahihi, maana epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani. Kinyume chake si sahihi: poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi.

Ukilikata ganda la boti ya kawaida utaona kwa nje tabaka jembamba lenye rangi, liitwalo jelikoti, kisha matabaka ya mkeka na kitambaa. Mahali penye mzigo mkubwa, hasa tezini ambako mashine hufungwa, katikati ya matabaka hayo huwekwa ubao wa plaiwudi. Sehemu hiyo ya tezi ikumbukwe, maana ndiyo inayougua mara nyingi.

NJIA ZA MAJI

Njia ya kwanza ni tundu. Kila skrubu na kila bolti iliyopenya ganda bila kuzibwa ni mlango. Njia ya pili ni mikwaruzo: boti inayoburuzwa kila siku juu ya mchanga na mawe ya pwani hupoteza jelikoti chini ya mkuku, na nyuzi hubaki wazi. Uzi wa kioo ulioachana na resini yake huwa na upenyo mwembamba mno pembeni, na maji husafiri ndani ya upenyo huo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Kwa hiyo doa la unyevu linaweza kuonekana mbali kabisa na tundu lililoliingiza.

Njia ya tatu haina tundu wala mkwaruzo, nayo ndiyo inayowashangaza watu. Hakuna resini isiyopitisha maji kabisa. Molekuli chache chache hupenya jelikoti zima. Zikifika ndani hukutana na poliesta, ambayo kama jina lake linavyoonyesha ni mnyororo wa esta nyingi. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba esta ikikutana na maji huweza kurudi kuwa asidi na alkoholi. Mabadiliko hayo ni ya polepole, lakini maji yenye joto kama ya bahari yetu huyaharakisha. Mazao yake huyeyuka katika maji, na hapo ganda hugeuka kuwa jaribio la osmosisi: nje maji, katikati utando wa jelikoti, ndani mmumunyo mzito. Maji huvutwa kuelekea ndani, msukumo huongezeka, na jelikoti hutunga malengelenge.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili kwa vipande vya papai bichi, kimoja katika maji baridi na kingine katika maji ya chumvi nyingi. Cha kwanza huvimba na kukakamaa. Cha pili hulegea. Kwa sababu hiyo hiyo malengelenge ya boti hutunga upesi zaidi katika maji baridi kuliko katika maji ya bahari, kwa kuwa tofauti ya mmumunyo ni kubwa zaidi. Boti ya Mwanza haina nafuu kwa kuwa haijaonja chumvi.

Lengelenge likitobolewa, kwa macho yaliyokingwa miwani kwa kuwa maji yake huweza kuruka, hutoa majimaji yanayonata yenye harufu kama ya siki. Karatasi ya litmasi ya buluu huwa nyekundu. Hapo fundi anajua kwamba anayoyaona si maji ya bahari tu, bali ni poliesta iliyoanza kuvunjika.

Katika plaiwudi ya tezi hatari ni nyingine. Ubao uliofunikwa na faiba pande zote haukauki. Kuvu waozeshao mbao wanahitaji unyevu, hewa kidogo na joto, na vyote vitatu wamevipata. Kwa nje tezi huonekana nzima, rangi inang'aa, na ndani ubao umekuwa kama unga wa muhogo uliolowa. Mashine ya nguvu za farasi 40 hushikiliwa na bolti chache zilizopita katika unga huo. Ikichomoka wakati boti iko nje ya mwamba, wavuvi hupoteza mashine, na maji huingia kwa tundu lililoachwa nyuma.

KULISIKILIZA GANDA

Mama anunuaye chungu hukigonga kwa kidole asikie kama kina ufa. Fundi wa faiba hufanya hivyo hivyo kwa mpini wa nyundo au kwa sarafu, akipita hatua kwa hatua juu ya ganda zima. Sehemu nzima hutoa sauti kali na fupi. Sehemu iliyoachana matabaka au iliyojaa maji hutoa sauti nzito, iliyokufa. Mipaka ya sauti hiyo huchorwa kwa chaki, na mara nyingi duara la chaki huwa kubwa kuliko doa lililoonekana kwa macho.

Jaribio la pili halina gharama. Jelikoti la sehemu inayoshukiwa huondolewa, kisha juu yake hubandikwa kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita, kingo zote zikizibwa kwa utepe, na boti huachwa juani kwa siku nzima. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, ganda bado limelowa. Jaribio hilo hurudiwa kila baada ya siku chache mpaka nailoni ibaki kavu. Vipo vipimo vya umeme vya kupima unyevu, lakini huweza kudanganywa na chumvi na rangi zenye madini. Nailoni haidanganyiki kwa urahisi hivyo.

KUKAUSHA NDIYO KAZI

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mwenye boti anataka kurudi baharini, fundi anataka malipo yake, na kiraka hubandikwa juu ya ganda lenye maji. Epoksi hukauka juu, hung'aa, na kila mtu huridhika kwa mwezi mmoja au miwili. Kisha jua hulipasha ganda joto, maji yaliyofungiwa ndani hugeuka mvuke na kusukuma, na kiraka hung'oka kikiwa kizima kama ganda la kidonda.

Kukausha hakuanzi na jua. Huanza na maji. Jambo hili huonekana kama kichekesho, lakini sababu yake ni ya kisayansi. Chumvi na mazao ya poliesta yaliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewa, kama chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa masika. Yasipotolewa, ganda halitakauka hata likianikwa miezi. Kwa hiyo sehemu yote iliyooza huchimbwa na kusagwa mpaka kwenye faiba nzima, kisha huoshwa kwa maji safi mara nyingi, siku baada ya siku, maji ya vuguvugu yakipatikana yakiwa bora zaidi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na maji hayo hayafai kwa kazi hii. Ni heri kununua madumu machache ya maji ya bomba.

Baada ya hapo ganda huwekwa mahali penye paa na upepo. Mji wa Dar es Salaam una hewa yenye unyevu mwingi, na hesabu ya umande yafaa ijulikane. Hewa yenye nyuzi joto 30 na unyevuanga wa asilimia 75 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi joto 25 au chini yake. Ganda lililopoa usiku huweza kuwa chini ya kiwango hicho asubuhi, hata kama mkono hauhisi unyevu wowote. Ndiyo maana haifai kupaka epoksi alfajiri, hata kama wakati huo ndio wa baridi na mwili una nguvu. Majira yaliyo bora ni kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ambapo mvua ni chache. Bahati njema ni kwamba huo ndio wakati wa upepo wa kusi, ambapo vyombo vidogo hukosa siku nyingi za kutoka. Boti inayongoja kusi kupungua yaweza kungoja huku inakauka.

Jiko la mkaa au moto wa aina yoyote usiwekwe chini ya ganda. Faiba huungua, na moshi wake ni sumu.

HESABU YA MTEREMKO

Tuseme ganda lina unene wa milimita 6, na baada ya kuondoa uozo limebaki tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 100. Fundi asiyejua atakata kipande cha faiba kinachoenea tundu hilo na kukigundisha kingo kwa kingo. Eneo la gundi litakuwa mzingo wa tundu mara unene wa ganda, yaani kiasi cha sentimita 19 za eneo. Eneo hilo ni dogo kuliko kiganja cha mtoto, nalo lapasa kuzuia bahari.

Fundi anayejua husaga kingo za tundu ziwe mteremko mrefu. Kanuni inayokubalika ni kwamba kwa kila milimita moja ya unene, mteremko uwe na urefu wa milimita 12. Kwa unene wa milimita 6, mteremko utakuwa milimita 72 kila upande, na duara lililosagwa litakuwa na kipenyo cha milimita 244. Eneo la kushikana sasa ni kiasi cha sentimita 389 za eneo, yaani mara 20 ya lile la kwanza. Gundi ni ile ile na ganda ni lile lile. Kilichobadilika ni jiometri. Zaidi ya hayo, katika mteremko mzigo huhama kidogo kidogo kutoka uzi wa zamani kwenda uzi mpya, badala ya kuruka mahali pamoja.

Wanafunzi wanaweza kuendelea na hesabu hiyo. Kitambaa cha kioo chenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya eneo, kikilowekwa epoksi ya uzito sawa na wake, huwa na unene wa kiasi cha milimita 0.38. Ili kujaza milimita 6 zinahitajika tabaka 16 hivi. Kiraka chote kitakuwa na ujazo wa karibu sentimita 148 za ujazo na uzito wa gramu 230 hivi, na nusu ya uzito huo ni epoksi. Hata fundi akiongeza kiasi cha kumwagika na kubaki katika brashi, hatazidi sana gramu 200. Kiasi hicho ni pungufu ya chupa moja ya soda. Epoksi husemwa kuwa ghali, na ni kweli, lakini ukilinganisha na siku za kukausha na bei ya mashine inayoning'inia tezini, gharama yake ni ndogo.

Vumbi la kusaga nyuzi za kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Inahitajika barakoa ya vumbi jembamba, miwani na nguo za mikono mirefu, na watoto, ambao hukusanyika kila mahali penye mashine inayolia, wakae mbali.

KUCHANGANYA

Poliesta na epoksi hukauka kwa njia mbili tofauti, na kutoielewa tofauti hiyo kumeharibu kazi nyingi. Poliesta hutiwa kichocheo kidogo, kwa kawaida sehemu 1 hadi 2 katika 100. Kichocheo huanzisha mwitikio, na fundi akitaka kazi ikauke upesi huweza kuongeza tone au mawili. Epoksi haina kichocheo cha namna hiyo. Ina kigumishaji ambacho chenyewe huingia katika mnyororo. Kila molekuli ya kigumishaji ina mikono yenye idadi maalumu, na kila mkono hushika molekuli moja ya epoksi. Kigumishaji kikizidi, mikono mingine hukosa cha kushika. Kikipungua, molekuli za epoksi hubaki bila kushikwa. Katika hali zote mbili kazi hubaki laini na hunywa maji. Kuongeza kigumishaji ili epoksi ikauke haraka ni sawa na kuongeza maji katika zege ili liive.

Uwiano huandikwa na mtengenezaji juu ya kopo, nao hutofautiana: mwingine ni 5 kwa 1, mwingine 2 kwa 1, mwingine 1 kwa 1. Msomaji aangalie pia kama uwiano umetajwa kwa ujazo au kwa uzito, maana vimiminika hivyo havina densiti moja. Mizani ndogo ya dukani au ya maabara ya shule yafaa sana. Mchanganyiko hukorogwa polepole kwa dakika mbili kamili, kingo na kitako cha chombo zikikwanguliwa.

Mwitikio huo hutoa joto, na joto huongeza kasi ya mwitikio. Kwa makisio ya kawaida, kila nyuzi joto 10 zinapoongezeka, kasi huongezeka mara mbili. Epoksi ambayo kopo lake linaahidi dakika 30 kwa nyuzi 25 itampa fundi wa Mbagala dakika 15 katika adhuhuri ya nyuzi 35. Ikiachwa imejaa ndani ya kikombe haina pa kutolea joto lake, huchemka, hutoa moshi na huweza kuyeyusha kikombe. Dawa yake ni kuchanganya kidogo kidogo na kumimina mara moja katika sinia pana, ambamo joto hutawanyika. Mwalimu akitaka kuonyesha jambo hili aweke kiasi sawa katika kikombe na katika sinia, nje ya darasa, kila kimoja na kipimajoto chake.

Epoksi isiyokauka haipaswi kugusa ngozi. Mtu huweza kuishika miaka mingi bila dalili, kisha siku moja mwili ukaikataa, na tangu hapo kila aisogeleapo huvimba na kuwashwa. Madhara hayo hayaponi. Glavu zivaliwe, na ngozi iliyochafuka isafishwe kwa sabuni na maji, wala si kwa thina, kwa maana thina huiingiza sumu ndani zaidi.

KUTANDAZA KITAMBAA

Si kila kitambaa kinafaa. Mkeka wa kawaida wa vipande vya nyuzi umegundishwa kwa unga au gundi inayoyeyuka katika stairini, kiyeyusho kilichomo ndani ya poliesta. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mkeka huo haulegei vizuri na haulowi barabara. Kwa epoksi hutumiwa kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa.

Vipande hukatwa mapema kwa ukubwa unaopungua, kikubwa kikiwa sawa na duara la nje la mteremko. Ganda hupakwa epoksi tupu kwanza. Kisha kipande kikubwa huwekwa, halafu kinachofuata, hadi kidogo. Wapo wanaoanza na kidogo, lakini kuanza na kikubwa kuna faida: mwishoni msasa unaposawazisha uso, haukati nyuzi ndefu zinazofunga kiraka chote.

Kitambaa kikavu ni cheupe. Kikilowa barabara hutoweka, na ganda la chini huonekana kama kupitia dirishani. Sababu ni kwamba kioo na epoksi hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana, hivyo mwanga hupita bila kurudishwa mipakani. Palipo na hewa hubaki doa jeupe. Kwa hiyo fundi hahitaji chombo chochote cha ukaguzi. Weupe wowote unaobaki ni hewa, na huondolewa kwa rola au kwa mwiko wa plastiki kabla epoksi haijaanza kushika. Weupe huo huo, ukionekana katika ganda la zamani, ni dalili ya resini iliyoachana na nyuzi.

Tabaka zote 16 zisiwekwe kwa mara moja, kwa ajili ya lile joto. Huwekwa tano au sita, na zinazofuata huongezwa zile za kwanza zikingali zinanata, ili zishikane kwa kemia. Zikikauka kabisa kabla ya nyongeza, juu yake huweza kutokea utando wa utelezi kama nta, hasa hewa ikiwa na unyevu. Utando huo huyeyuka katika maji. Huoshwa kwanza, ndipo msasa upitishwe. Anayeanza na msasa huusugulia ndani ya mikwaruzo, na tabaka linalofuata halitashika.

Ikiwa plaiwudi imeoza, hakuna dawa ya kuipaka. Hukatwa na kuondolewa hadi kwenye ubao mzima na mkavu, na ubao mpya hupakwa epoksi pande zote, kingo zikipakwa mara tatu, maana ubao hunywa zaidi kwenye ncha za nyuzi zake. Upakaji huo hufanywa alasiri. Asubuhi ubao unapoendelea kupata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoa mapovu katika epoksi. Alasiri hewa hunywea, na epoksi huvutwa ndani.

Kujaza mabonde madogo, wengine hutumia pati ya gereji. Pati hiyo ni poliesta iliyochanganywa na unga wa mawe laini, nayo hunywa maji. Kwenye mlango wa gari huvumilika, lakini chini ya mstari wa maji huanzisha upya ugonjwa ule ule. Badala yake epoksi huchanganywa na unga maalumu wa kuizitisha mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Mwishoni kazi hupakwa rangi, kwa sababu epoksi, pamoja na nguvu zake zote, huharibiwa na mionzi ya jua.

Kabla mashine haijarudishwa tezini, linabaki jambo moja, nalo ni matundu ya bolti. Tundu likitobolewa kwa kipimo cha bolti, ubao ulio ndani huachwa wazi, na siku ya kwanza baharini maji huanza kuutafuta. Kwa hiyo hutobolewa kwanza tundu pana kuliko bolti, labda milimita 20 kwa bolti ya milimita 12, hujazwa epoksi nzito, na huachwa likauke kwa siku moja au zaidi. Kisha katikati ya kizibo hicho cha epoksi hutobolewa tundu la milimita 12. Sasa bolti hupita ndani ya mwereka wa epoksi wenye unene wa milimita 4 pande zote, na hata kama mpira wa kuzuia maji utachakaa, maji yatakayopita kando ya bolti hayatakutana na ubao.